Tanki ya pili ya jip: mazutu inaenda wapi? Fundi wetu wa Goma anawajibu

Jambo wasomaji. Mesaji zimekuja nyingi safari hii na karibu zote zinaongea juu ya kitu kimoja, ile rezervwari ya pili ya jip, wengine wanaiita tanki ndogo, wengine sub, wengine "ile ya nyuma". Naelewa kabisa. Huku kwetu unaweza kutoka mjini asubuhi na stesheni ya mwisho yenye mafuta safi umeiacha kilomita 10 tu nyuma yako, mbele ni kadafi, yule muuza mafuta wa mtaani, na vidumu vyake kando ya barabara, na hujui ameweka nini ndani. Mtu akiweza kubeba mafuta yake mwenyewe analala vizuri.

Lakini kabla sijaanza niseme hivi. Watu wengi wanachukulia tanki ya pili kama bidoni kubwa iliyofungwa chini ya gari. Bidoni ina mdomo mmoja, imekwisha. Tanki ina njia ya mafuta kutoka, ina njia ya hewa kuingia, na kama motere ni ya mazutu, yaani dizeli, ina pia njia ya mafuta kurudi. Nimesoma maswali yenu mara mbili na karibu kila tatizo liko kwenye moja ya njia hizo tatu. Nimechagua sita.

Shofa wa Himbi, Goma: *Mzee fundi jambo sana. Naendesha Land Cruiser 78 ile ndefu, motere 1HZ, iko na rezervwari mbili toka kiwandani na suichi kwenye tablo. Nikienda Rutshuru napenda kumaliza kwanza ile ya pili, sasa kila mara nikikaribia Rumangabo mazutu inaanza kumwagika chini, na inamwagika upande wa rezervwari ya kwanza, ile ambayo hata sijaigusa, imejaa tu toka Goma! Makanika wawili wamenibadilishia bushoni (kifuniko) na bado. Bosi anaona mazutu inapungua haraka, anaanza kufikiri nauzia bakadafi. Nisaidie papa, kazi yangu iko hatarini.*

Kijana wangu, mwonyeshe bosi wako jibu hili, maana wewe huna kosa. Na bushoni pia haina kosa.

Motere ya mazutu haifanyi kama ya esanse (petroli) ya zamani yenye kabureta, ile inayovuta kile inachochoma tu. Pompi ya enjeksyo ya 1HZ inavuta mazutu nyingi kuliko inayochomwa. Sehemu inaenda kwenye silinda, na ile nyingine inapita ndani ya pompi, inaipoza na kuilainisha, halafu inarudi kwenye rezervwari kwa tiyo yake. Huo ndio urejeo. Kwenye gari yenye tanki moja hakuna shida, mazutu inatoka kwa mama inarudi kwa mama. Kwenye gari yenye tanki mbili ni lazima kitu fulani kiamue, mazutu iliyotoka kwenye ya pili irudi kwenye ya pili, siyo kwa jirani.

Hicho kitu ni valvu ya kubadilishia. Kwenye gari ya mazutu iko na midomo sita: mitatu ya kwenda, mitatu ya kurudi. Ukibonyeza suichi pande zote mbili zinatakiwa kugeuka pamoja. Kwako upande wa kwenda unageuka, upande wa kurudi umeganda. Kwa hiyo unavuta kutoka ya pili halafu mabaki yanarudi kwenye ya kwanza, na ya kwanza umeijaza mpaka shingoni toka Goma. Mazutu itaenda wapi? Itatafuta tundu la hewa au bushoni, itamwagika. Kubadilisha bushoni hapo ni kama kupangusa maji sakafuni wakati robine iko wazi.

Jinsi ya kuhakikisha bila kubahatisha: simamisha gari sehemu tambarare, motere ikiwa baridi. Ingia chini na utafute tiyo mbili za urejeo, moja kwa kila tanki, ni zile nyembamba kidogo kuliko za kuvuta. Chomoa ya tanki ya kwanza pale inapoingia kwenye tanki, uielekeze kwenye chupa safi ya lita moja na nusu, mdomo wa tanki uufunge na kitambaa safi. Mtu mwingine awashe motere, suichi ikiwa kwenye tanki ya PILI. Sasa angalia chupa. Kama mazutu inaanza kutiririka kwenye chupa, umepata mwizi wako, kwa sababu wakati huo chupa hiyo ilitakiwa kukaa kavu kabisa. Piga picha umpelekee bosi.

Kabla ya kununua valvu mpya, angalia umeme kwanza. Weka kontakti bila kuwasha motere, mtu abonyeze suichi huku wewe umeweka mkono juu ya valvu, unatakiwa kusikia "ta!" na kuuhisi mtikisiko kwenye vidole. Usiposikia kitu, chomoa plagi yake: mara nyingi utakuta ndani kuna unga wa kijani, ni kutu ya shaba, na waya wa masi umeoza, maana valvu iko chini kabisa pale tope linaporuka. Safisha, kaza masi kwenye shasi iliyokwanguliwa rangi, jaribu tena. Kama inalia "ta!" lakini urejeo hauhami, basi imeganda kwa uchafu ndani, badilisha. Na hapa angalisho, sokoni wanauza valvu ya midomo mitatu, inafanana sana na bei ni ndogo, hiyo ni ya esanse isiyo na urejeo. Ukiifunga kwenye 1HZ unarudi kwenye tatizo lilelile na pesa umetoa.

Wakati unatafuta valvu usiache kazi. Anza safari na tanki ya KWANZA, itumie mpaka ibaki kama robo, ndipo ugeukie ya pili. Urejeo utaingia kwenye tanki ya kwanza yenye nafasi, haitamwagika haraka, na ile iliyohamia utaitumia baadaye. Land Cruiser 78 nyingi zinabeba lita 90 na lita 90, nafasi iko.

Msomaji wa Lubumbashi, commune Kampemba: *Mkubwa, mimi niko na Land Cruiser 200 ya tanki mbili. Rafiki yangu mwenye 78 anasema yake inabadilisha tanki kwa suichi, mimi nabonyeza na joji ya mafuta haigeuki mara moja kama yake. Yangu imeharibika?*

Haijaharibika, ni mfumo mwingine. Kwa rafiki yako motere inakunywa kutoka tanki yoyote anayoichagua, na joji inahama pamoja na suichi, inaonyesha ile anayotumia. Kwako motere inakunywa siku zote kutoka tanki kubwa tu. Ile ndogo kazi yake ni kusukuma mafuta kwenda kwenye kubwa kwa pompi ya umeme. 200 yenye tanki mbili inabeba lita 93 kwenye kubwa na 45 kwenye ndogo, jumla 138. Ukibonyeza, joji ya kubwa inapanda polepole, siyo kuruka.

Kila mfumo una ubaya wake. Kwa 78, pompi ya kuhamisha haipo, kwa hiyo haiwezi kufa, lakini ukisahau kugeuza suichi ukamaliza tanki kabisa, motere inavuta hewa, inazima, na itabidi ufungue kapoti upige ile pompi ya mkono juu ya filtre mpaka iwe ngumu ndipo iwake tena. Kwako hewa haiingii kirahisi, lakini pompi ya kuhamisha ikifa, una lita 45 chini ya gari ambazo unaziona kwenye joji na huwezi kuzinywa. Ndiyo maana nasisitiza: hamisha mapema. Tanki kubwa ikifika nusu, hamisha, ukiwa bado karibu na Likasi, siyo porini taa nyekundu imewaka. Na usihamishe kubwa ikiwa bado imejaa, fanya hesabu: lita 45 zinataka nafasi ya lita 45, maana pompi nyingi za kufungwa na mafundi wetu hazijui kusimama zenyewe, zitasukuma tu mpaka mafuta yatoke kwa tundu la hewa.

Mama wa Kadutu, Bukavu: *Papa fundi, nasalimia. Niko na jip ya kukodisha, tuliongezea tanki ya lita 70 ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa Bukavu. Gari ikiwa inatumia ile tanki inatembea vizuri kama saa moja halafu inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Shofa anangoja dakika 20, anawasha, inatembea tena! Tumebadilisha filtre mara tatu, sasa wananiambia pompi ya enjeksyo imekufa na bei yake inanitisha. Kweli nitoe hizo pesa?*

Mama, usitoe hata faranga. Ngoja kwanza.

Siku gari ikizima tena, mwambie shofa asikimbilie kapoti. Azunguke moja kwa moja kwenye bushoni ya ile tanki ya lita 70, aweke sikio karibu, aifungue pole pole. Kama atasikia "fyuuuu", hewa inavutwa KUINGIA ndani kama mtu aliyekuwa amezibwa pumzi, basi ugonjwa ni huo. Arudishe bushoni, awashe, gari itaenda.

Nieleze kwa nini. Kila lita ya mazutu inayotoka kwenye tanki lazima lita moja ya hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ile hewa inapita kwenye kitiyo kidogo cha kupumulia. Kikiziba, motere inaendelea kuvuta lakini ndani ya tanki kunakuwa na mvuto unaoirudisha mazutu, ni sawa na mtoto anayenyonya chupa ya plastiki mpaka mbavu za chupa zinaingia ndani. Mwanzo hausikii kitu, baada ya saa moja mvuto umekuwa mkubwa, pompi haipati tena. Ukisimama dakika 20 hewa inapenya pole pole pale penye upenyo, mvuto unapungua, gari inawaka, unafikiri imepona. Zile dakika 20, Mama, ndizo zimenifanya nishuku hewa, maana pompi iliyokufa kabisa haiponi kwa kupumzika.

Mimi jambo hili limenipata mwenyewe nikipanda kutoka Sake kuelekea Masisi, na tanki iliyofungwa na garaji moja ya mjini. Giza linaingia, abiria nyuma wamechoka, gari inakohoa kwenye kona ya tatu. Nilifungua filtre, nilipiga pompi ya mkono mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge. Mzee mmoja aliyekuwa anashuka na ng'ombe ndiye alisimama akaniuliza, "hiyo tanki yako inapumulia wapi?" Nikaenda kuangalia. Kitiyo cha hewa kilikuwa kifupi kama kiganja, kinaishia nyuma ya pine, na kilikuwa kimejaa ule unga wetu mweusi wa volkano uliochanganyika na tope, umekauka kama simenti. Nilikitoboa na kipande cha waya. Tangu siku ile swali la kwanza ninalouliza kwa gari yoyote yenye tanki ya kuongeza ni hilo la yule mzee.

Kwa hiyo tafuta kitiyo hicho kwenye tanki yako. Inawezekana pia fundi hakukiweka kabisa, alitoboa tu kijitundu kwenye bushoni, nimeona hivyo mara nyingi. Dawa: tiyo ya mpira wa mafuta, siyo ya maji, ipandishwe juu kuliko mdomo wa kujazia, ndani ya ubavu wa gari, ifanye kona ya kurudi chini kama fimbo ya bakora ili mvua isiingie, na mwishoni iwekewe filtre ndogo ya plastiki ya bei rahisi. Ikiwa juu hivyo hata gari ikivuka mto maji hayaingii kwenye tanki. Isiishie karibu na eshapema (bomba la moshi). Kazi hiyo yote ni ya nusu siku.

Kijana wa Lubumbashi, anafanya biashara ya samaki: *Yaya, mi niko na pikapu Land Cruiser 79 tanki yake lita 130. Naenda Kolwezi kila wiki, na wakati fulani Pweto. Nataka kufunga tanki ya pili ya lita 100 nyuma, pale pine ya sekuri inakaa. Ni wazo zuri?*

Mdogo wangu, kwa Kolwezi hapana. Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kama kilomita 300, kwenda na kurudi 600. Pikapu yako kwenye lami ikiwa na mzigo tuseme inakula lita 14 kwa kilomita 100, hiyo ni lita 84. Unarudi nyumbani na lita 46 ndani ya tanki. Tanki ya pili ungekuwa unaitembeza bure tu, na inakula mafuta kwa uzito wake.

Pweto ni habari nyingine, hasa masika. Kwa barabara ya tope usipige hesabu kwa kilomita, piga kwa masaa. Gari iko kwenye vitesi ya pili, krabo (ya pine nne) imefungwa, motere inalia kutwa nzima na joji ya kilomita inasema umetembea 60 tu. Ile lita 14 kwa kilomita 100 inaweza kuwa 25 bila gari kuwa na ugonjwa wowote. Hapo lita 130 zinakuwa kidogo, naelewa hofu yako.

Lakini lita 100 nyuma ya ponti (ekseli), tuangalie kwa karibu. Mazutu lita moja ina uzito wa kama kilo 0.84, kwa hiyo lita 100 ni kilo 84, chuma ya tanki yenyewe sijahesabu. Umbali kati ya ponti ya mbele na ya nyuma kwenye 79 ni mita 3.18. Kama katikati ya tanki iko mita moja nyuma ya ponti ya nyuma, basi inafanya kama bembea: ponti ya nyuma haibebi kilo 84, inabeba kama kilo 110, na zile 26 za zaidi zimenyang'anywa kwenye pine za mbele. Pine za mbele ndizo za usukani. Juu yake wewe unaweka friza za samaki na barafu. Utasikia gari inaelea kwenye tope, unageuza usukani na pua inaendelea mbele. Halafu resori za nyuma zinaanza kukatika jani moja moja.

Ushauri wangu, tafuta tanki ndogo ya lita 50 au 60 inayokaa ubavuni mwa shasi KATI ya ponti mbili, mbali na eshapema. Mazutu ikikaa katikati pine zote nne zinagawana uzito. Kama hakuna nafasi na lazima iwe nyuma, basi isizidi hiyo lita 60, ongeza jani moja la resori kila upande, na pine ya sekuri usiitupe juu ya mzigo bila kuifunga.

Na ukienda kwa fundi muulize kuhusu ukuta wa ndani. Tanki isiyo na ukuta ndani, ukifunga breki mazutu yote inakimbia mbele kwa pamoja inapiga bati, ukikata kona inapiga ubavu, mchana kutwa. Utasikia "dum" nyuma ya mgongo. Baada ya miezi kadhaa kiungo cha pembeni kinapasuka. Zile kuta zenye matundu chini na juu zinaivunja mbio ile, mazutu inapita polepole. Bati iwe ya milimita 2, siyo ile ya kuezekea nyumba, na kati ya tanki na vyuma vinavyoibeba iwekwe mipira, maana shasi inajipinda kwenye mashimo na tanki haipindiki. Ikikazwa chuma kwa chuma, itapasuka yenyewe.

Mwanafunzi wa fundi, Majengo, Goma: *Mkubwa wangu nauliza. Mteja ameleta rezervwari ya esanse iliyotoboka, imekaa tupu wiki mbili, anataka niichomelee ili iwe tanki ya pili. Iko kavu kabisa. Naweza?*

Usiiguse na moto. Nakuomba kama vile ungekuwa mtoto wangu.

Tanki tupu ya esanse ni ya hatari kuliko iliyojaa. Esanse yenyewe ya maji maji haiwaki ndani ya tanki iliyojaa mpaka juu, kwa sababu hakuna hewa. Kinacholipuka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tanki tupu ndiyo yenye mvuke na hewa pamoja. Esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, nyuzi 40 chini na zaidi. Unaona tanki kavu, lakini kwenye kutu na kwenye mikunjo ya bati kuna mafuta yamejificha, ukiweka moto wa kuchomelea bati linapata joto, yale mafuta yanageuka mvuke mbele ya cheche yako. Nilifanya kazi miaka na kijana mmoja hodari sana wa kuchomelea, mikono yake yote miwili imekunjamana mpaka leo kwa kazi ya dakika tano kama hiyo.

Mazutu inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake uweze kushika, kwa hiyo watu wanaidharau. Lakini moto wa kuchomelea unafika nyuzi maelfu. Tanki ya mazutu nayo inalipuka.

Sisi wa mashariki hatuhitaji kuambiwa hii kwa vitabu. Januari 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kuingia mjini, stesheni ya mafuta ililipuka hapa Goma na watu wengi waliokuwa wanachota mafuta wakafa. Tarehe 2 Julai 2010 kule Sange, kati ya Bukavu na Uvira, lori la esanse lilipinduka, watu wakaja na vidumu, moto ukashika, wakafa zaidi ya 230. Wengi walikuwa hawajashika kiberiti. Walikuwa tu karibu na mvuke ule.

Kwa hiyo mwambie mteja wako ukweli: tanki hiyo ni chuma chakavu, atengenezewe mpya ya bati jipya. Akikataa aende kwingine, usiogope kumkosa. Na usimfungie tanki ya esanse ndani ya gari, nyuma ya viti, hata akikuomba. Esanse inakaa nje ya chumba cha watu.

Msomaji wa Nyawera, Bukavu: *Fundi, tanki yangu ya pili nimeijaza mwezi wa tatu sijaitumia, naihifadhi kwa siku mafuta yakikosa. Juzi nimegeuza suichi, gari ikatoa moshi mweupe na taa ya filtre ikawaka. Mazutu inaoza?*

Inachoka, ndiyo, lakini kilichokupata wewe naona ni maji. Tanki isiyojaa mpaka juu ina hewa ndani, usiku Bukavu kunapoa, unyevu wa hewa unashika kwenye bati kama jasho kwenye chupa ya soda, unatiririka chini. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanakaa sakafuni pa tanki, na tiyo ya kuvuta iko hapohapo sakafuni. Ukiongeza na ile iliyonunuliwa kwa kidumu, unajua mwenyewe. Pale maji na mazutu vinapokutana vinaota vijidudu, utaona utando mweusi kama makamasi kwenye filtre. Hiyo taa ya filtre iliyowaka ndiyo kazi yake, inakuambia maji yamejaa chini.

Rudisha suichi kwenye tanki ya kwanza leo leo, usiendelee kuisukuma, maji yakifika kwenye enjekteri yanazikata. Chini ya filtre kuna kiskrubu cha plastiki, weka kikombe cha kioo chini yake, kilegeze mizunguko michache, piga pompi ya mkono juu. Angalia kikombe: maji yatakaa chini, mazutu juu, mstari unaonekana wazi katikati. Endelea mpaka itoke mazutu tupu, kisha kaza kwa vidole tu, usitumie ufunguo, kile kiskrubu kinakatika. Halafu fungua skrubu ya chini ya tanki ya pili asubuhi na mapema kabla gari haijatikisika, maji yakiwa bado yametulia chini, mwaga lita mbili tatu za kwanza kwenye bidoni na uziache zikae uone.

Baadaye usiiweke tanki kama akiba ya benki. Kila wiki mbili tembea nayo nusu siku, ijaze tena mpaka juu kwa mazutu ya stesheni unayoiamini, ukipitisha kwenye kitambaa kizito au filtre ya mdomo. Suichi nayo inapenda hivyo, valvu inayogeuzwa mara kwa mara haigandi.